Kasi ya mapafu kutengeneza protini za safaktanti hupimwaje bila kuyakata?

Swali: Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto wachanga, Hoima. Daktari aliyekuja kutufundisha CPAP ya mapovu, ile hewa ya shinikizo inayopitia puani, alituambia kwamba ng'ambo kuna watu wanaopima jinsi mapafu ya mtoto njiti yanavyotengeneza protini za safaktanti na kuzitumia tena. Wanapimaje bila kukata pafu? Na je, sisi tunaweza kupima hapa Uganda, angalau kwa hawa tulio nao wodini?

Jibu: Pole na kazi, Sista. Kwa kifupi, pafu lenyewe haliguswi. Mtoto anapewa amino asidi yenye alama kupitia dripu, kisha wataalamu wanangoja alama hiyo itokeze ndani ya ute unaofyonzwa kutoka kwenye mrija wake wa kupumulia. Kuhusu Uganda, sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kufanyika hapa, ila si kwa watoto wa CPAP, na hao nisingekushauri hata ujaribu. Nitakuja hapo.

Safaktanti ni utando unaozuia vifuko vya hewa visinywee, na ikikosekana unaona kila zamu: mtoto anaguna, mbavu zinaingia ndani, oksijeni haipandi. Kwa uzito, karibu sehemu tisa katika kumi za safaktanti ni mafuta, na sehemu moja ni protini. Protini zenyewe ni nne. SP-A na SP-D ni kubwa, hupenda maji, na kazi yao hasa ni ulinzi dhidi ya vijidudu. SP-B na SP-C ni ndogo, huishi ndani ya mafuta, na ndizo zinazoyafanya mafuta hayo yatandazike haraka juu ya ukuta wa kifuko cha hewa kila mtoto anapovuta pumzi. Katika hizo nne, SP-B ndiyo isiyo na mbadala. Mwaka 1993 Lawrence Nogee na wenzake walieleza habari za watoto waliozaliwa siku zimetimia lakini hawana SP-B kabisa kwa sababu ya kasoro ya kurithi. Watoto wa aina hiyo hufa hata wakipewa safaktanti ya chupa, isipokuwa wabadilishiwe mapafu. Ndiyo maana vipimo vingi nitakavyovitaja vimeielekea SP-B.

Protini hizi hutengenezwa na seli za aina ya pili zilizo kwenye kuta za vifuko vya hewa. Seli huipanga SP-B pamoja na mafuta katika vifurushi vyenye matabaka, viitwavyo lamela, kisha huvitoa nje. Huko nje safaktanti hufanya kazi, huchakaa, halafu njia zinagawanyika. Sehemu hufyonzwa tena na zile zile seli za aina ya pili, hufungwa upya ndani ya lamela na kurudishwa kazini. Sehemu nyingine humezwa na makrofaji, seli za ulinzi, na kusagwa. Kiasi kidogo hupanda juu na ute na kuishia tumboni.

Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba mapafu ya watoto waliokufa kwa shida hii ya kupumua hayakuwa na safaktanti ya kutosha. Tangu hapo, kwa miaka mingi, watu waliuliza ipo au haipo, na kama ipo ni kiasi gani. Lakini kiasi hakikuambii kasi. Fikiria mwalo wa Ggaba asubuhi. Ukikuta ngege mia mezani, hujui kama mitumbwi imeleta mia na hakuna aliyenunua, au imeleta elfu, na kati yao mia tisa wameshapakiwa kwenye boda boda. Hata ukirudi saa sita mchana ukakuta bado ni mia, hujajua kitu. Inabidi uwatie rangi samaki wote wanaoshuka mitumbwini kuanzia saa fulani, uangalie mezani wenye rangi wanaongezeka upesi kiasi gani, kisha uache kutia rangi uone wanaisha upesi kiasi gani.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Mwaka 1994 panya waliofugwa bila jeni ya GM-CSF, protini inayokomaza makrofaji, walionekana mapafu yao yamejaa safaktanti tele. Ungepima kiasi peke yake ungesema seli zao zinazalisha kupita kiasi. Walipowekewa alama, ikaonekana uzalishaji ni wa kawaida. Kilichokwama ni usafishaji, kwa sababu makrofaji bila GM-CSF hawakomai vya kutosha kuisaga safaktanti. Miaka mitano baadaye watafiti wa Japani wakapata chanzo cha ugonjwa wa binadamu wa mapafu kujaa safaktanti, aina ile inayowapata zaidi watu wazima: kingamwili za mgonjwa mwenyewe zinazoishika GM-CSF yake. Leo baadhi ya wagonjwa hao huvuta GM-CSF kwa nebulaiza. Bila kujua ni upande gani umekwama, nani angefikiria dawa hiyo?

Sasa alama yenyewe. Katika wanyama ilikuwa rahisi kutumia mionzi. Watafiti Alan Jobe na Machiko Ikegami walifanya hivyo miaka mingi kwa sungura na kondoo. Mtoto mchanga huwezi kumpa mionzi kwa ajili ya utafiti, kwa hiyo hutumika kaboni-13, ambayo haina mionzi hata kidogo. Imezidi tu kaboni ya kawaida kwa uzito. Imo kila mahali: katika kila atomi mia za kaboni ulizonazo, moja na kitu ni kaboni-13. Mtu mzima wa kilo 60 anatembea na zaidi ya gramu mia moja za kaboni hiyo mwilini. Mzazi akikuuliza kama inadhuru, mweleze hivyo.

Amino asidi inayochaguliwa mara nyingi ni leusini. Mwili hauwezi kuitengeneza, kwa hiyo seli inaichukua kutoka kwenye damu au kutoka kwenye protini zilizovunjwa, basi. Tena SP-B iliyokomaa, yenye amino asidi 79, ina leusini 14. Mtoto huwekewa dripu ya leusini yenye alama, kwa kawaida kwa saa 24, kwa mwendo uleule bila kukatika. Damu kidogo huchukuliwa ili kujua ni leusini ngapi katika mia zina alama. Ute wa kwenye mrija hufyonzwa kila baada ya saa chache kwa siku kadhaa, hufungiwa na kugandishwa. Angalia kwamba ute huo ungefyonzwa hata kama hakuna utafiti. Badala ya kumwagwa, unatunzwa.

Kinachopimwa ndani ya ute ndicho kinachonivutia kuliko yote. Wewe unajua jinsi sampuli ya mrija ilivyo: leo umepata ute mzito, kesho maji ya chumvi uliyoyatia yamekuja karibu yote. Kupima miligramu za SP-B kwenye kitu cha namna hiyo ni kubahatisha. Lakini wataalamu hawa hawatafuti miligramu. Wanatafuta uwiano: katika SP-B yote iliyomo, ni sehemu gani ina leusini ya alama? Ukiongeza maji mara tatu, yenye alama na isiyo na alama zinapungua sawasawa, na uwiano haubadiliki. Sampuli mbovu ya ujazo inabaki sampuli nzuri ya uwiano.

Hebu tupige hesabu, kwa namba za mfano tu. Damu inaonyesha leusini 5 katika kila 100 zina alama. Saa ya kumi tangu dripu ianze, leusini ndani ya SP-B ya ute zina alama 0.2 katika 100. Saa ya ishirini zimefika 1.2. Kwa saa kumi zimepanda 1.0. Kama SP-B yote ingekuwa mpya ingefika 5, kwa hiyo kwa saa kumi imeongezwa moja ya tano, yaani asilimia 20, au takriban asilimia 48 kwa siku. Dripu ikisimamishwa, mstari unaanza kushuka, na mteremko wake unakupa kasi ya kuondoka. Pafu likiwa limetulia, kuingia na kutoka vinalingana, na kwa namba hizi nusu ya protini ingeondoka kwa saa 35 hivi. Saa za mwanzo ambazo hakuna alama kabisa nazo zina habari: ndio muda wa protini kuunganishwa, kukatwa ifikie umbo lake, kufungwa kwenye lamela na kutolewa nje.

Maabarani SP-B hutengwa kwanza, kisha hukatwa vipande kwa kimeng'enya kiitwacho trisini, na vipande hupimwa uzito kwenye mashine iitwayo spektrometa ya masi. Hapa pana mtego ambao wageni wa fani hii hawauoni. Kipande kimoja cha SP-B kina amino asidi 12, leusini nne kati yake, na jumla ya kaboni 63. Kwa kuwa kaboni-13 imo kila mahali, karibu nusu ya vipande hivyo tayari vina angalau kaboni-13 moja kabla hujampa mtoto chochote. Leusini yenye kaboni nzito moja ingezama humo. Ndiyo maana wengine hutumia leusini ambayo kaboni zake zote sita ni nzito: kipande chenye alama kinaruka ngazi sita za uzito, mahali ambapo kwa asili hapana karibu kitu. Njia nyingine ni kuivunja SP-B mpaka amino asidi moja moja na kuipima leusini yenyewe kwa mashine inayolinganisha isotopu kwa usahihi mkubwa. Njia hizi zimetumika Marekani, hasa St. Louis na Seattle, na Italia, mjini Padova. St. Louis ni mji uleule ambako mwaka 2006 Randall Bateman alitumia leusini yenye alama kupima kasi ya amiloidi, protini inayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer, katika maji ya uti wa mgongo. Mbinu ni jamaa moja.

Kuna udhaifu ambao sitauficha. Tunapima leusini ya damu, wakati protini hutengenezwa kwa leusini iliyo ndani ya seli, na humo leusini ya zamani kutoka protini zilizovunjwa imechanganyika na ya dripu. Uwiano wa ndani huwa chini ya ule wa damu, na ukitumia wa damu utadhani pafu ni vivu kuliko lilivyo. Dawa yake ni kupima kwenye damu kitu kiitwacho ketoisokaproati. Leusini hugeuka kuwa hicho ikiwa ndani ya seli tu, kisha kinavuja nje, na kwa hiyo kinabeba habari za ndani. Si habari za pafu peke yake, lakini ni bora kuliko leusini ya damu. Yeyote anayekupa namba za kasi bila kusema amegawanya kwa kipi, mwulize.

Sasa kutumia tena. Umelitaja kwa maneno machache, nalo ndilo lenye matatizo mengi. Kwanza, kuna kutumia tena kwa namna mbili. Seli inaweza kuimeza SP-B nzima na kuirudisha nje ikiwa nzima, alama yake ikiwa palepale. Au inaweza kuivunja hadi leusini, kisha leusini hiyo ikajenga SP-B nyingine. Ya kwanza haionekani kabisa kwa njia ya dripu: protini iliyokwenda na kurudi ni ileile, alama ileile, mstari hautikisiki. Ya pili inaonekana vibaya, maana inavuta mkia wa mstari uwe mrefu, nawe unadhani protini zinaishi zaidi ya ukweli.

Ili kuona mzunguko wa kwanza unahitaji alama ya pili kupitia njia nyingine. Moja inaingia kwa damu na kuonyesha kilicho kipya. Nyingine inawekwa moja kwa moja mapafuni na kuonyesha kilichokuwepo kinakwenda wapi. Kwa sungura unaweza kufungua pafu saa unayotaka, ukatenga lamela za ndani ya seli, ukaona kama alama iliyowekwa hewani imefika humo. Kwa njia hiyo ikajulikana kwamba sungura wachanga hurudisha kazini zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ya safaktanti, na sungura wazima hurudisha kidogo kuliko hivyo kwa mbali. Protini nazo huonekana zikirudi. Kwa binadamu hakuna wa kufunguliwa, kwa hiyo mzunguko unakisiwa kwa modeli ya hesabu inayolinganisha mistari miwili. Mimi nayaamini makisio hayo kwa mwelekeo, si kwa tarakimu.

Alama ya mapafuni ina faida nyingine. Ukichanganya mafuta yenye alama na safaktanti ya chupa, ukajua umeweka ngapi, basi jinsi alama inavyopungua nguvu ndani ya ute inakuambia mtoto mwenyewe alikuwa na kiasi gani. Bila kiasi hicho asilimia zinadanganya. Njiti mwenye shida ya kupumua huwa na kama miligramu 5 za safaktanti kwa kila kilo ya uzito; mtoto aliyetimiza miezi ana karibu 100. Asilimia 20 kwa siku ya 5 ni miligramu moja. Asilimia 5 ya 100 ni miligramu tano. Mwenye asilimia kubwa ndiye maskini.

Kwa vipimo hivi tumejua nini? Watafiti wa Rotterdam, wakitumia glukosi ya kaboni-13, waligundua kwamba njiti hutengeneza mafuta ya safaktanti polepole sana, asilimia chache tu kwa siku, na alama iliyotokeza hukaa siku nyingi. Waliona pia kwamba watoto ambao mama zao walidungwa steroidi kabla ya kujifungua walikuwa na uzalishaji wa juu zaidi. SP-B hupinduka upesi kuliko mafuta iliyomo ndani yake, jambo linaloonyesha kwamba pafu halizishughulikii sehemu za safaktanti kwa mkupuo mmoja. Na ile hofu ya zamani, kwamba ukimpa mtoto safaktanti ya chupa mapafu yake yatalala, haikuthibitika kwa wanyama: hayaachi kuzalisha. Dozi ya miligramu 100 hadi 200 kwa kilo inalingana na akiba ya mtoto aliyetimia au kuizidi, na kwa kuwa mchanga hurudisha kazini sehemu kubwa ya anachopewa, dozi moja au mbili humvusha siku kadhaa wakati uzalishaji wake unajikongoja.

Tuje Hoima. Watoto wako wa CPAP hawana mrija kwenye koo la pumzi, kwa hiyo hakuna mahali pa kufyonzea ute wa chini. Kumwekea mtoto mrija ili upate sampuli hakukubaliki, na hakuna kamati ya maadili ya maana itakayokupitishia. Hata wakati wa kumpa safaktanti kwa mrija mwembamba unapata nafasi moja, nasi tunahitaji sampuli nyingi kwa siku nyingi. Halafu kuna damu. Mtoto wa kilo moja ana mililita 80 hadi 90 za damu yote mwilini. Sampuli kumi za nusu mililita ni mililita tano, na hilo si jambo dogo.

Wanaofaa ni watoto ambao tayari wapo kwenye ventileta katika hospitali kubwa za rufaa, kwa sababu yoyote ile. Hapo kukusanya ute, kuugandisha kwa nyuzi 80 chini ya sifuri na kuandika saa sahihi ni kazi ambayo wauguzi na maabara zetu wanaiweza. Leusini yenye alama lazima iwe ya kiwango cha sindano, tasa na isiyo na vichochezi vya homa. Ile ya chupa za kemia haifai. Kibali kinapitia kamati ya maadili, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na sampuli zikitoka nchini kupimwa ng'ambo kuna mkataba wa kuzisafirisha. Ukitaka kupunguza damu, iko njia ya maji yenye haidrojeni nzito: alama husambaa katika maji yote ya mwili, nawe unapima mkojo badala ya damu. Ningeanzia hapo.

Lakini usitarajie kipimo hiki kimsaidie mtoto unayemhudumia usiku wa leo. Majibu huja baada ya wiki. Kinachomsaidia unakijua: deksamethasoni kwa mama kwa wakati wake, ambayo jaribio la Shirika la Afya Duniani lililotoka mwaka 2020, Kenya ikiwemo, lilionyesha kuwa inapunguza vifo vya njiti; kisha kumtunzia mtoto joto, CPAP mapema, na safaktanti ikiwepo.

Kama unataka kitu cha kupima kwa vifaa ulivyonavyo, kipo, ila kinapima kiasi, si kasi. Lamela zina ukubwa unaokaribiana na platileti, chembe za kugandisha damu. Mashine ya maabara yako inayopima damu nzima huzihesabu kwenye njia ya platileti ukiipa maji ya uzazi. Katika itifaki inayotumiwa sana, 50,000 na zaidi kwa mikrolita huhesabiwa mapafu yamekomaa, na 15,000 kushuka chini hayajakomaa. Yaliyo katikati hayasemi kitu. Maji ya tumboni mwa mtoto, yanayofyonzwa mara tu baada ya kuzaliwa, nayo yanaweza kuhesabiwa, lakini usiyapime kwa mipaka hiyo ya maji ya uzazi, maana yamechanganyika na ute. Usiyazungushe kwenye sentrifyuji, maana lamela zitashuka chini na kubaki huko. Na sampuli yenye damu iache kabisa, kwa sababu mashine itahesabu platileti za kweli humo na kukuambia mapafu yako tayari.